Kichwa cha Kuku Kilimtazama Siok-gim

Mke wangu hakuamini mizani ya mtu. Akinunua samaki sokoni, akifika nyumbani anampima tena. Hata mizani yetu wenyewe aliigonga kwanza kwa kidole, aone kama sindano inarudi mahali pake. Jirani akituletea mboga, aliuliza, "Huyu anataka nini?" Mimi nasema hataki kitu. Mwezi haupiti, jirani anakuja kuazima pikipiki. Siok-gim ananitazama tu.

Jina lake kamili Tsua Siok-gim. Kazaliwa Gangshan, mji mdogo wa Taiwan kusini, kafanya kazi Gangshan, kafia Gangshan. Kiwandani alichambua skrubu. Mashine inazitema, zinapita mbele yake kwenye mkanda, yeye anaokota mbovu. Iliyopinda, isiyo na meno, yenye ufa kichwani. Jioni vidole vyake vilinuka chuma na mafuta, hata akivisugua kwa limau.

"Zote zinang'aa," aliniambia siku moja. "Hiyo ndiyo shida ya skrubu."

Hakuzaliwa na shaka hizo. Kulikuwa na mtu mmoja aliyemwamini, mdogo wake, Bun-hiong. Alimlea mgongoni mama yao alipokuwa shambani. Bun-hiong alipotaka kukopa anunue lori, benki ikamwambia lete mdhamini. Akaja kwetu na kikapu cha mapera.

"Dada, gonga hapa tu."

Kwetu kila mtu ana muhuri wake wenye jina. Ukigonga, umesema. Wa Siok-gim ni wa pembe ya nyati, alipewa na baba yake siku ya kuolewa, na alikuwa akiuweka katika kopo la biskuti pamoja na sindano na vifungo. Akautoa, akagonga. Wala hakuuliza karatasi inasema nini. Wakala mapera, wakacheka.

Lori likatembea miaka miwili. Kisha lori halikuonekana, na Bun-hiong naye. Wengine walisema kavuka bahari kwenda China bara. Wengine walisema yuko mjini Taichung kwa mwanamke. Siok-gim hakula pera tena mpaka kufa kwake.

Benki ikaliuza deni kwa kampuni ya kudai. Kampuni ikaenda mahakamani. Mahakama ikaandika barua kiwandani: kila mwezi, theluthi moja ya mshahara wa Tsua Siok-gim ikatwe, ipelekwe kwa kampuni. Theluthi moja, isizidi. Mbili zilizobaki ni za kula.

Na kweli tulizila. Mgongo wangu ulikuwa umeshakufa kwa kubeba saruji, nikawa napata vibarua vya hapa na pale. Mwanetu Kiat alikuwa chuo cha ufundi. Kodi ya nyumba, mchele, ada ya Kiat, vyote vilitoka kwenye theluthi mbili hizo.

Bosi Ngo hakuipenda ile barua. Alisimama nayo katikati ya kiwanda, mashine zinaunguruma, akapiga kelele ili asikike.

"Sasa mimi ni karani wa watu wa madeni?"

Mkewe alimnyang'anya. Huyo ndiye aliyeshika hesabu, na sote tulimwita Mama Bosi. Aliiweka barua chini ya kioo cha meza yake, akaendelea na kazi. Siku ya mshahara alikata theluthi, akamkabidhi Siok-gim bahasha. Siok-gim hakuondoka. Alihesabu palepale, akirudia.

"Unanihesabu mimi, Gim?"

"Sikuhesabu wewe, Mama Bosi. Nahesabu noti."

"Noti nimezihesabu mimi."

"Basi tukipata sawa tutafurahi wote."

Nyuma wanawake wa kufungasha wanacheka, foleni haisogei.

Ndipo akaanza kuja Bwana Tu, mtu wa kampuni ile ya kudai. Shati limepigwa pasi, mdomo mwekundu kwa popoo anayotafuna. Alisimama getini saa ya kutoka kazini, kila mtu amwone anamsubiri nani.

"Shangazi Gim, kwa theluthi hii utalipa mpaka wajukuu. Riba inakimbia, wewe unatambaa."

Alikuwa na karatasi, akamwachia aisome. Siok-gim akubali kutoa nusu ya mshahara, mwenyewe, kwa mkono wake, kila mwezi. Wao wataiondoa barua mahakamani, na watapunguza riba.

"Bosi wako atapumzika. Wewe utapumzika. Gonga muhuri tu."

"Na wewe utapumzika?" Siok-gim akamuuliza.

"Mimi?"

"Nakuona unachoka sana kwa ajili yangu. Mama yako anajua?"

Tu akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na hicho ndicho kilichonitia wasiwasi mimi.

Tulikwenda ofisi ya wilaya, anapokaa wakili wa kuulizwa bure. Msichana, anakohoa, ana chupa ya maji ya moto. Akaisoma karatasi ya Tu mara mbili. Akasema theluthi ndiyo mpaka. Wakitaka zaidi mahakama haiwapi.

"Lakini mama, ukitoa mwenyewe na ukagonga muhuri, hapo hakuna wa kukuzuia."

Tulipotoka nje Siok-gim akasimama karibu na pikipiki, hapandi.

"Kwa hiyo mikono yao imefungwa," alisema. "Wangu ndio uko wazi. Ndiyo maana wanauchumbia."

Jioni ile akautoa muhuri katika kopo la biskuti. Akashona mfuko ndani ya blauzi, upande wa moyo, akautia humo. Kila blauzi aliyokuwa nayo aliishonea mfuko.

Hofu yake sasa ikahamia kwa bosi. Bosi akichoka na barua, akamfukuza, sheria ya theluthi itamlinda nini? Alikuwa anakoroga uji wa viazi vitamu.

"Baba Kiat. Theluthi mbili za sifuri ni ngapi?"

Aliendelea kukoroga. Tangu siku hiyo akawa anasikiliza sauti ya Bosi Ngo kama mtu anayesikiliza paa wakati wa tufani. Bosi akikohoa, ananihadithia nyumbani alikohoa vipi.

Mwisho wa mwaka ukafika, na karamu ya wafanyakazi. Ile ilikuwa ya mchana kwa sababu ya zamu. Waliweka turubai uani, meza za duara, plastiki nyekundu juu yake. Wake na waume wa wafanyakazi tulialikwa pia. Supu ya mbuzi, samaki wa kukaanga, kamba, na kuku mzima na kichwa chake.

Sisi wote tunajua habari ya kuku wa karamu hiyo. Anayetazamwa na kichwa, baada ya mwaka mpya asirudi kazini. Mabosi wa leo wanasema ni mambo ya zamani, ni mzaha. Lakini sijamwona mtu anayekaa mbele ya kichwa hicho akala vizuri.

Mama Bosi alilijua hilo. Kwa mikono yake alipokea sahani kwa wapishi, akaiweka kwenye meza yetu, kichwa kikaelekea getini.

"Anatazama barabara," alisema. "Kuleni." Akaenda meza nyingine.

Bosi akapanda jukwaani kuchezesha bahati nasibu. Sote tukageuza shingo. Mtu wa ghala akashinda jiko la umeme la wali, akapiga mbinja, tukapiga makofi. Tulipogeuka tena mezani, kuku alikuwa anamtazama Siok-gim.

Kijiko cha mtu kikagonga bakuli.

"Mh," akasema Sui, mwanamke wa kufungasha, aliyekuwa hawezi kuacha kitu kikapita. "Kuku huyu ana makengeza. Nina hakika ananitazama mimi."

Alicheka peke yake.

Nyapara Khe alikuwa amekaa mkabala. Ndiye aliyewasimamia wachambuaji wote. Akakata paja, akaliweka kwenye bakuli la Siok-gim.

"Dada Gim, kuku ameshakufa. Hana habari na wewe. Kula."

"Nimeshiba, Nyapara."

Hakuwa ametia kitu mdomoni.

Njiani, amekaa nyuma yangu kwenye pikipiki, akaniambia sikioni, "Umeuona mchirizi?"

Niliuona. Mchuzi ulikuwa umechora nusu duara kwenye plastiki nyekundu, chini ya sahani. Kuku hakuwekwa vile. Aligeuzwa.

"Nani?" nikasema.

"Bosi alikuwa jukwaani. Mama Bosi hakurudi."

"Labda bosi alimtuma mtu."

"Labda."

Alinishika kiuno kwa nguvu kuliko njia ile ilivyohitaji.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya mapumziko. Tulikuwa hatujamaliza uji, mlango ukagongwa. Bwana Tu. Mkononi kikapu cha mapera.

Siok-gim akayatazama mapera. Akamkaribisha, akamtilia chai. Mimi nilibaki mlangoni nikivaa kiatu kisichohitaji kuvaliwa.

"Shangazi," Tu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefiwa, "nimekuonea huruma. Mtu akishatazamwa na kuku, siku zake ni za kuhesabu. Lakini bosi bado hajafungua mdomo. Gonga sasa hivi, nampigia simu hapahapa mbele yako. Namwambia barua inaondolewa mahakamani, hana usumbufu tena. Kazi yako inapona."

Akatandaza karatasi. Alikuja hata na wino wake mwekundu, katika kikopo.

Siok-gim akatia mkono ndani ya blauzi. Muhuri ukatoka. Akaubonyeza kwenye wino, akauinua. Niliona herufi za jina lake zimelowa. Nusu ya mshahara, nikafikiri, basi Kiat ataacha chuo arudi nyumbani. Lakini nusu ya kitu ni bora kuliko theluthi mbili za sifuri. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu, na mwake pia, najua.

Mkono ukasimama juu ya karatasi.

"Kuku yupi?" akauliza.

"Wa jana, Shangazi. Wa karamu."

"Ulialikwa?"

"Aa, watu wanasema."

"Watu gani? Karamu imekwisha jana alasiri. Mimi sikumwambia mtu. Na mume wangu huyu ukimkanyaga mguu hasemi."

"Gangshan ni ndogo, Shangazi." Kicheko kile kizuri tena.

"Ni ndogo kweli." Bado ameushika muhuri juu. Sauti yake laini, kama anaulizia bei ya kitunguu. "Mimi nilikuwa natazama bahati nasibu, mambo yakanipita. Hivi mwanzo yule kuku alikuwa anatazama wapi?"

"Si getini? Mama Bosi alimwe..."

Akaanza kutafuna popoo ambayo haikuwamo mdomoni.

Nilimwelewa Siok-gim baada ya kitambo kidogo. Umbea wa mjini ungemfikishia kwamba kuku alimtazama Siok-gim. Lakini kwamba kwanza alielekezwa getini, na kwa mkono wa nani, hilo lilijulikana mezani kwetu tu. Mtu wa mezani kwetu alikwenda kumhadithia. Na anayehadithia mpaka huko, anahadithia kazi aliyoifanya.

Siok-gim akaufuta muhuri kwa aproni. Doa lile jekundu halikutoka tena. Akaurudisha kifuani.

"Bwana Tu, chukua mapera yako."

"Shangazi, utakuja kujuta. Ukifukuzwa..."

"Nikifukuzwa utakuja kula theluthi ya hewa. Chukua mapera."

Alipoondoka, Siok-gim alikaa.

"Sijapona," alisema. "Nimejua aliyegeuza anamjua Tu. Sijajua kama bosi anajua."

Hakutaka kungoja siku ya kazi. Tukaenda nyumbani kwa Bosi Ngo, nyuma ya kiwanda. Mama Bosi alikuwa anaanika soseji za mwaka mpya uani. Siok-gim hakusalimia vizuri.

"Mama Bosi, kabla hujaniambia, nakuuliza. Unanifukuza, hunifukuzi?"

"Una homa?"

"Kuku."

"Kuku gani? Nilimwelekeza getini kwa mikono yangu hii."

"Tulipogeuka alikuwa ananitazama mimi."

Mama Bosi akaacha soseji. Akamwita mumewe kwa sauti ya kuita watoto. Bosi Ngo akatoka na fulana, mswaki mdomoni.

"Wewe uligeuza kuku?"

"Kuku wa nini?"

"Wa meza ya kina Gim."

"Mimi hata sikupata kuku! Nilisimama jukwaani mpaka chakula kikaisha!" Alikuwa na hasira ya kweli, ya njaa. Nadhani hiyo ndiyo iliyomtuliza Siok-gim kuliko kiapo.

Kisha Siok-gim akamtolea karatasi ya Tu, naye akaisoma. Mama Bosi naye akaisoma, polepole, kidole kikifuata mistari.

"Mume wangu analalamika hata mvua ikinyesha," akasema. "Usimsikilize. Barua iko chini ya kioo changu na itakaa pale. Inasema theluthi, nakata theluthi. Anayetaka nusu aje aniombe mimi." Akamrudishia karatasi. "Ila acha kunihesabu mbele ya watu, Gim. Unanifanya mwizi."

"Nitahesabu, Mama Bosi."

"Najua utahesabu. Nimesema tu."

Mwaka mpya ukapita, Siok-gim akarudi kwenye mkanda wake. Tu alikuja getini mara chache, kisha hakuja. Theluthi ikaendelea kukatwa, mbili zikaendelea kuja nyumbani. Kiat akamaliza chuo.

Aliyegeuza sahani hakutajwa. Mama Bosi aliuliza mezani mmoja mmoja, kila mtu alikuwa anatazama bahati nasibu. Siok-gim hakumtuhumu mtu. Ila tangu karamu ile, Nyapara Khe akipitisha chupa ya chai kwa wachambuaji, yeye alisema ana ya kwake. Miaka yote. Akiwa hana, alikaa na kiu.

Nilimuuliza una hakika gani.

"Paja," alisema. "Khe hajawahi kumpa mtu paja."

Baadaye sana, Sui wa kufungasha akaniambia kwamba Khe naye alikuwa mdhamini wa lori la mtu, na deni lile lilikuwa kwa kampuni ileile. Lakini Sui huyo huyo alisema kuku ana makengeza. Sijui. Mimi pia nilifundishwa kutojua haraka.

Siok-gim aliugua mapafu. Alifanya kazi mpaka mwezi uliotangulia kifo chake. Hospitalini alimuuliza muuguzi dawa ile ya njano ni ya nani hasa, aonyeshe jina. Muuguzi akaonyesha jina. Akanywa.

Khe alikuja msibani. Aliinama mbele ya picha yake muda mrefu, uso haukuinuka. Ni mzee sasa. Huenda ni majonzi, huenda ni kiuno. Nilimtilia chai, akanywa, akaniangalia kama anayetaka kusema. Sikumsaidia.

Mama Bosi aliniletea nyumbani bahasha nyeupe ya rambirambi, na nyingine ya mshahara wa mwisho. Theluthi ilikuwa imeshakatwa. Nikazitoa noti mezani, nikahesabu mbele yake. Nikarudia.

"Hata wewe?" akasema.

"Angeniuliza," nikamwambia.

Akageuka, akafuta macho kwa mkono wa koti. Hesabu ilikuwa sawa.

Muhuri nilimwekea kifuani, ndani ya mfuko wa blauzi, kabla hawajalifunga jeneza. Kiat alisema baba, muhuri wa marehemu watauulizia ofisini. Waulizie.

Mwaka huu nikaalikwa karamu. Mama Bosi aliniweka mahali pa Siok-gim. Plastiki nyekundu, supu ya mbuzi, Bosi Ngo jukwaani na jiko la wali lingine. Kuku akaletwa hana kichwa. Siku hizi wapishi wanakikata hukohuko jikoni, ili watu wale kwa amani. Sui alifurahi, alisema afadhali. Khe hakuwepo.

Kila mtu akachukua kipande. Mimi nilikuwa naitazama shingo ile iliyokatwa. Siok-gim angetaka kujua kichwa kimewekwa wapi.

Nikainuka, nikaenda kwa wapishi kuuliza.